Python Inatafuta Wapi? Hotuba kuhusu kufungasha mradi ili mwingine aweze kuusakinisha

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa waandika programu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha, kwa sababu kila kilichokuwamo nilikisema kwa mdomo.

Ndugu zangu, waandika programu wenzangu, watafiti, walimu na wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Ni wangapi hapa mna programu ya Python ambayo kwenye kompyuta zenu inakwenda bila shida, lakini mlipompa mtu mwingine ikagoma? Nyosheni mikono. Naam, ni karibu ukumbi mzima. Sasa la pili: ni wangapi kati yenu mlimjibu mtu huyo, "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Mnacheka, lakini jibu hilo ni la kweli. Kwako inafanya kazi kweli, na kwake haifanyi kazi kweli. Hakuna anayedanganya. Kwako Python ilitafuta ikapata. Kwake ilitafuta ikakosa. Leo nataka tulielewe hilo mpaka mwisho wake, kwa sababu ukishalielewa, mambo yote ya kufungasha miradi yanayowatisha watu yanakuwa madogo. Kusakinisha ni kuweka kitu mahali ambapo Python inatafuta. Kufungasha ni kuandika maelezo ya kutosha ili mashine ifanye kazi hiyo bila wewe kuwepo. Kwa hiyo swali la leo ni moja, nami nitalirudia mpaka mlichoke: Python inatafuta wapi?

Tuanzie hapo hapo. Unapoandika `import vipimo`, yaani ukiiomba Python ilete moduli (faili au folda ya msimbo) inayoitwa `vipimo`, nini kinatokea? Kwanza Python inaangalia kama moduli hiyo imekwisha kupakiwa katika mchakato huu. Ikiwa bado, inaangalia zile zilizojengwa ndani yake yenyewe. Kisha inaanza kupita kwenye orodha ya folda, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule wa orodha, na pa kwanza inapokuta jina hilo, inachukua na kusimama. Haiendelei mbele kuona kama kuna lililo bora zaidi au jipya zaidi. La kwanza ndilo.

Orodha hiyo si siri. Mwenye kompyuta hapa afungue terminali aandike `python -c "import sys; print(sys.path)"`. Mnaona nini? Mwanzo kabisa kuna alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani. Maana yake ni "folda niliyosimama sasa". Halafu zinafuata folda za maktaba ya kawaida inayokuja na Python. Na kuelekea mwisho kuna folda inayoishia na jina `site-packages`. Hiyo ya mwisho ishikeni. Kila mnachosakinisha kwa pip, chombo cha kusakinishia vifurushi vya Python, kinakwenda kukaa humo. Ndiyo maana ukiwa folda yoyote, saa yoyote, `import numpy`, maktaba ya hesabu, inakubali: si kwa sababu numpy ni mashuhuri, bali kwa sababu ipo ndani ya folda iliyo kwenye orodha.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ile nafasi ya kwanza kwenye orodha inabadilika kulingana na jinsi ulivyoiendesha programu. Ukiandika `python zana/safisha.py`, nafasi ya kwanza inakuwa folda ya `zana`, yaani folda lilimo faili lenyewe. Haiwi folda uliyosimama wewe. Ukiandika `python -m zana.safisha`, nafasi ya kwanza inakuwa folda uliyosimama. Faili ni lile lile, mashine ni ile ile, umeketi pale pale, lakini Python inatafuta mahali tofauti. Hata pytest, chombo cha kuendeshea majaribio ya msimbo, iko hivyo: ukiita `pytest` peke yake na ukiita `python -m pytest`, ya pili inaongeza folda uliyosimama kwenye orodha, ya kwanza haiongezi. Majaribio yanapita kwa mmoja na yanaanguka kwa jirani yake, nao wanabishana kuhusu msimbo, kumbe msimbo hauna kosa lolote.

Nina kisa. Mtafiti mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na moduli nzuri sana ya kusafisha data za vipimo. Aliitunza kwa makini, nasi sote tuliitegemea. Mwenzake alipotaka kuitumia katika mradi mwingine, Python ikamwambia `ModuleNotFoundError`. Akafanya wanavyofanya wengi: akainakili folda nzima na kuiweka kando ya programu yake. Ikakubali. Baada ya muda mtafiti yule akagundua kosa katika hesabu moja, akalirekebisha, akawatangazia wote. Mwenzake akasoma tangazo, akaongeza mstari juu ya programu yake, `sys.path.append`, ukifuatwa na njia ndefu ya kwenda kwenye folda ya asili, ili awe anapata marekebisho moja kwa moja. Programu ikaendelea kwenda. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Matokeo yakaandikwa, majedwali yakachorwa.

Je, alikuwa anatumia msimbo uliorekebishwa? Hapana. `append` inaongeza mwishoni mwa orodha. Nakala ya zamani ilikuwa kando ya programu, yaani kwenye nafasi ya kwanza. Python ilitafuta, ikaikuta ya zamani, ikasimama. Ile mpya haikufikiwa hata siku moja.

Waliligundua kwa mstari mmoja, nami nawaombeni mwondoke nao leo: `print(vipimo.__file__)`. Mstari huo unakwambia moduli uliyoiingiza imetoka faili gani hasa. Wakausoma, wakanyamaza, wakaanza kurudia hesabu zote upya. Programu inayokataa kuanza inakusumbua asubuhi moja, ndugu zangu. Programu inayokubali huku ikitumia msimbo usioujua inakuharibia kazi ya miezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na `sys.path.append` huo ni ufa. Sisemi ni haramu. Ndani ya daftari la majaribio unalolifuta jioni, sawa. Lakini mstari huo ukishaanza kunakiliwa kutoka faili hadi faili, mradi wako unaomba kufungashwa.

Na kufungasha ni kazi kubwa? Zamani ilikuwa, na woga wa watu wengi umetoka huko. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na faili linaloitwa `setup.py`. Mwaka 2000 Python ilianza kuja na distutils. Mwaka 2004 ikazuka setuptools juu yake. Mwaka 2008 ikaja pip. Zote ziliwafaa watu, lakini `setup.py` ni programu, na hapo ndipo tatizo lilipokaa. Ili ujue mradi unahitaji nini ili ujengwe, ni lazima uiendeshe programu hiyo. Na ili uiendeshe, ni lazima uwe navyo tayari vile inavyohitaji. Kuku na yai! Watu walikuwa wanasakinisha kitu kwa mkono ili kitu kingine kiweze kusema kwamba kinakihitaji kile cha kwanza.

Jamii ya Python iliufungua mzunguko huo mwaka 2016 kwa pendekezo nambari 518: maelezo ya ujenzi yakae kwenye faili la maandishi tu, `pyproject.toml`, linalosomwa bila kuendesha chochote. Mwaka 2020 pendekezo nambari 621 likasanifisha sehemu inayoeleza mradi wenyewe: jina, toleo, na vitegemezi, yaani maktaba nyingine ambazo mradi unazihitaji. Na mwaka 2023, toleo la 3.12 lilipotoka, distutils haikuwamo tena ndani ya Python. Kwa hiyo ukikuta mafunzo yanayokuanzishia na `from distutils.core import setup`, yafunge. Aliyeandika hakukosea kwa wakati wake, ila Python ya leo haina tena kitu hicho.

Faili hilo linataka nini kwako? Nitalisoma polepole, maana ni fupi. Kuna sehemu inayoitwa `[build-system]`. Hapo unasema ni chombo gani kitajenga kifurushi: setuptools, hatchling, flit-core, chagua. Watu wanagombana sana kuhusu uchaguzi huu. Kwa mradi wa Python tupu wala usikukoseshe usingizi. Kisha kuna `[project]`. Hapo unaandika `name`, jina. Unaandika `version`, toleo. Unaandika `requires-python`, toleo la Python lililo la chini kabisa unalolikubali. Unaandika `dependencies`, orodha ya maktaba ambazo msimbo wako unaziita. Ukitaka mtumiaji apate amri ya kuandika kwenye terminali, unaongeza `[project.scripts]` na mstari mmoja, kwa mfano `safisha = "vipimo.safisha:main"`, yaani mtu akiandika `safisha`, iitwe kazi ya `main` iliyo ndani ya moduli ile.

Basi. Hiyo ndiyo yote. Folda yenye msimbo, na faili la mistari kumi na kitu. Ukisimama hapo ukaandika `pip install .` ukiwa na nukta mwishoni, mradi wako unaingia `site-packages`. Kuanzia hapo Python inatafuta wapi? Inatafuta mahali ambapo wewe upo tayari.

Najua mtaniuliza: nikiwa bado naandika msimbo, je, nisakinishe upya kila nikibadilisha mstari? La. Andika `pip install -e .`, na ile `-e` isisahauliwe. Badala ya kunakili msimbo wako, pip inaweka ndani ya `site-packages` kielekezi kinachosema "msimbo uko kule". Unabadilisha faili, unaendesha, mabadiliko yanaonekana. Mtafiti yule na mwenzake walichohitaji tangu mwanzo ni amri hii tu, pamoja na kuifuta ile nakala.

Nije kwenye majina. Hapa nitakwenda haraka kidogo, lakini msilipuuze.

Mradi wako una majina mawili. Lipo jina ambalo pip inalijua, na lipo jina ambalo `import` inalijua. Hakuna sheria inayosema yafanane. Unasakinisha scikit-learn, unaingiza `sklearn`. Unasakinisha Pillow, unaingiza `PIL`. Unasakinisha beautifulsoup4, unaingiza `bs4`. Unasakinisha PyYAML, unaingiza `yaml`. Fikirieni mwanafunzi anayeanza: kitabu kinamwambia `import cv2`, naye anaandika `pip install cv2`. Atajuaje kwamba alipaswa kuandika `opencv-python`? Kwa hiyo wewe unayeanza mradi leo, una hiari, basi mfanyie hisani: majina yako mawili yafanane. Kwa pip, kistari cha kati, kistari cha chini na nukta ni kitu kimoja, na herufi kubwa na ndogo ni sawa. Lakini kwa `import` kistari cha kati hakikubaliki kabisa. Tafuta jina fupi, la herufi ndogo, lisilo na vistari, na umemaliza.

Tena usiliite faili lako jina ambalo Python inalo tayari. Mmewaona wanaoanza wakijifunza namba za kubahatisha, wanafungua faili wanaliita `random.py`, ndani wanaandika `import random`? Python inatafuta wapi? Nafasi ya kwanza, folda ya programu. Inakuta nini? Faili lao wenyewe. Programu inajiingiza yenyewe, halafu inalalamika kwamba `random` haina `randint`. Mwanafunzi anarudia kusoma mstari ule ule mpaka machozi yanamlengalenga, na mstari ni sahihi. Nimefurahi sana kwamba tangu toleo la 3.13, la mwaka 2024, ujumbe wa kosa unamwambia waziwazi kwamba faili lake lina jina sawa na moduli ya maktaba ya kawaida na afikirie kulibadilisha. Hiyo ni kazi ya watu waliowahurumia wanaoanza, na wanastahili shukrani.

Jina likiwa la mradi mkubwa, mambo yanakuwa mazito zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2022, waliosakinisha kwa pip matoleo ya kila usiku ya PyTorch, maktaba ya akili bandia, kwenye Linux walipata kitu kingine. PyTorch ilikuwa na kitegemezi kinachoitwa torchtriton, kikikaa kwenye hazina yao wenyewe. Mtu akasajili jina hilo hilo kwenye PyPI, hazina ya umma, akaweka humo msimbo wa kuiba taarifa za mashine. Pip ilipoangalia sehemu zote mbili, ya umma ikatangulia. Mnaona? Swali ni lile lile, isipokuwa safari hii ni pip: inatafuta wapi, na ikikuta majina mawili yanayofanana, inachukua lipi? Mwenye vifurushi vya ndani ya shirika lake asilale kabla ya kujua jibu la swali hilo.

Sasa nataka tukae kidogo mahali pamoja, kwa sababu ndipo nilipoona watu wazuri, wenye uzoefu, wakiaibika mbele ya watumiaji wao.

Timu moja ilikuwa na programu ya kutoa ripoti. Ndani ya folda ya `vipimo` kulikuwa na folda ndogo, `violezo`, na ndani yake faili moja la `ripoti.html`. Majaribio yote yalipita. Yalipita kwenye kompyuta za wote, na yalipita kwenye seva ya majaribio. Wakajenga kifurushi, wakakipeleka kwa watumiaji. Mtumiaji wa kwanza akasakinisha, akaandika amri, akapata `FileNotFoundError`. Wa pili vile vile. Timu ikarudia majaribio: yamepita. Wakarudia tena: yamepita.

Mtu mmoja kati yao akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifikiria: akafungua kifurushi chenyewe kuangalia ndani. Je, mnajua kwamba faili la `.whl`, yaani kifurushi kilichokwisha kujengwa, ni faili la zip tu? Halina uchawi. Akaandika `python -m zipfile -l` na jina la faili, `vipimo-0.3.0-py3-none-any.whl`. Jina hilo lenyewe linasomeka: jina la mradi, toleo, kisha inafaa Python 3 yoyote, haitegemei msimbo wowote wa mashine, na inakwenda kwenye mfumo wowote. Orodha ikatokea. Kulikuwa na `vipimo/__init__.py`. Kulikuwa na `vipimo/safisha.py`. Kulikuwa na folda ya `vipimo-0.3.0.dist-info`, na ndani yake `METADATA` yenye maelezo ya mradi, `entry_points.txt` yenye ile amri yao, na `RECORD`, ambayo ni hesabu ya kila faili na alama yake ya uhakiki. Humo ndimo pip inamosoma inapotaka kuondoa kifurushi. Orodha ikaishia hapo. `ripoti.html` haikuwamo.

Haikuwamo kwa sababu chombo chao cha ujenzi kilichukua mafaili ya `.py` peke yake. Ndivyo setuptools ilivyo kwa kawaida mpaka uiambie kuhusu mafaili mengine. Hatchling huchukua kilichomo ndani ya folda ya kifurushi isipokuwa kile ambacho git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, imeambiwa ikipuuze. Soma kanuni za chombo chako. Lakini swali kubwa zaidi ni hili: kwa nini majaribio yalipita? Haya, nijibuni. Python ilitafuta wapi?

Naam, nimesikia huko kushoto. Ilitafuta kwenye folda waliyosimama. Folda ya `vipimo` ilikuwa kwenye mzizi wa mradi, majaribio yaliendeshwa kutoka kwenye mzizi, na Python ikaikuta pale pale, ikiwa na violezo vyake vyote. Walijaribu folda yao. Kifurushi walichowapelekea watu hawakukijaribu hata mara moja.

Dawa yake ni ndogo mpaka inaudhi. Msimbo uweke ndani ya folda inayoitwa `src`, iwe `src/vipimo`. Ukisimama kwenye mzizi, Python haikuti `vipimo`, inakuta `src` tu. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: ili majaribio yaende, ni lazima mradi usakinishwe. Wapo wanaosema folda hiyo ya ziada ni usumbufu usio na faida. Nawaheshimu, na miradi mingi mikubwa inaishi vizuri bila hiyo. Mimi naipendelea, na kwa mtu anayeanza naisisitiza, kwa sababu inamlazimisha ajaribu kile watakachokipata wengine.

Lakini `src` peke yake haitoshi, maana ukiwa umesakinisha kwa `-e`, msimbo bado unasomwa kutoka kwenye folda yako, na violezo vipo. Kwa hiyo kabla hujampa mtu kifurushi: kijenge kwa `python -m build`, tengeneza mazingira mapya matupu, sakinisha humo lile faili la `.whl` lenyewe, hamia folda nyingine kabisa, kisha iite programu. Na ndani ya msimbo usisome kiolezo kwa njia inayotegemea mahali mtumiaji aliposimama, tumia `importlib.resources`, inayouliza kifurushi chenyewe faili lake liko wapi. Timu ile iliweka hatua hizi kwenye seva yao ya majaribio zikawa zinajiendesha zenyewe kila wanapotoa toleo.

Nimetaja mazingira matupu. Hayo ni nini? Ni folda yenye `site-packages` yake, unayoitengeneza kwa `python -m venv` na jina. Kila mradi na orodha yake ya kutafutia. Zamani tulikuwa tunabembeleza watu wayatumie. Siku hizi hata mifumo yenyewe inadai. Tangu Debian 12, ya mwaka 2023, ukijaribu kusakinisha kwa pip moja kwa moja kwenye Python ya mfumo, inakukatalia na kukuelekeza utengeneze mazingira. Wengine wamekasirika. Mimi naona ni haki, kwa sababu Python ile inaendesha sehemu za mfumo wenyewe, nawe ulikuwa unabadilisha vitu chini ya miguu yake.

Hayo yananileta kwenye vitegemezi. Mazingira mamoja yanabeba toleo moja tu la kila maktaba. Haiwezekani vinginevyo: jina moja, mahali pamoja. Sasa tuseme unaandika maktaba, na ndani ya `dependencies` umefunga kila kitu kwa alama mbili za sawasawa, requests toleo fulani hasa, numpy toleo fulani hasa. Mwenzako naye kafanya hivyo hivyo, kwa matoleo mengine. Anakuja mtu wa tatu anataka kutumia maktaba zenu mbili pamoja. Atafanyaje? Hawezi. Kabla ya mwisho wa 2020, pip ingechukua mojawapo na kuendelea, na programu ingevunjika mbele ya safari. Tangu toleo la 20.3, pip inasimama na kukataa, na mimi nasema afadhali ikatae. Lakini waliomfunga mtu huyo mikono ni ninyi wawili.

Kwa hiyo, unayeandika maktaba, sema kiwango cha chini unachokihitaji kweli, na uache nafasi. Unayeandika programu ya mwisho, inayokwenda kukaa kwenye seva, funga matoleo yote barabara, ila uyafungie kwenye faili la kufungia matoleo, nje ya `dependencies`. Na kikomo cha juu je? Hapo sina jibu jepesi. Juni 2024 NumPy 2.0 ilitoka ikiwa na mabadiliko makubwa, na baadhi ya wasioweka kikomo programu zao zilivunjika. Walioweka walinusurika, lakini wengine wakawazuia watumiaji wao kuhama kwa muda mrefu bila sababu. Weka kikomo pale unapojua kuna mabadiliko yanayokuja. Usikiweke kwa woga tu.

Je, ni lazima uchapishe PyPI? Hapana! Hili nalisema kwa sauti kwa sababu linawazuia wengi. Kufungasha si kuchapisha. Kifurushi chako mwenzako anaweza kukisakinisha kutoka hazina ya git, au kutoka faili la `.whl` ulilomtumia, na kikafanya kazi ile ile. Ukiamua kuchapisha, anza na TestPyPI, ambayo imewekwa kwa ajili ya mazoezi. Na ujue kwamba kwenye PyPI faili ukishalipakia, jina lake halirudiwi tena hata ukilifuta. Ukikosea 0.3.0, unatoa 0.3.1. Unaweza kuliondoa toleo bovu kwenye macho ya pip ili asilichukue anayekuja bila kulitaja kwa namba, lakini aliyelifunga kwa namba yake hasa bado atalipata. Usihifadhi nywila yako ndani ya seva ya majaribio, kwa sababu tangu 2023 PyPI inaweza kuziamini baadhi ya huduma za kujenga programu moja kwa moja, kwa ufunguo wa muda mfupi unaokufa wenyewe.

Kuna mwenzetu aliniuliza mlangoni kuhusu mradi wenye sehemu zilizoandikwa kwa C. Huo unahitaji `.whl` tofauti kwa kila mfumo na aina ya kichakato, na mara nyingi kwa kila toleo la Python pia. Ipo zana, cibuildwheel, inayofanya kazi hiyo kwenye seva. Tutaiangalia pamoja mchana.

Sasa wenye kompyuta zao, njooni kwenye meza za nyuma. Kila mmoja achague mradi wake mmoja ambao mtu aliwahi kushindwa kuutumia, aufungue, na kabla hajagusa chochote, aandike `print(sys.path)` tuone kilichomo.